Mafuta ya Freni

Jumatatu, 8 Oktoba 1962

Asubuhi tena chini ya gari. Pedali ya ambreyaji, ile ya mguu wa kushoto, imeshuka mpaka sakafuni na kubaki huko. Nimeongeza mafuta ya freni kwenye kopo lake, maana ambreyaji hii hunywa mafuta yaleyale ya kusimamishia gari. Ni yale niliyokuwa nimeyaficha kabatini. Tone la mwisho. Nimekanyaga na kuachilia mpaka ikashika kidogo. Imeshika kwa uvivu. Ndani mna hewa, na mafuta yenyewe yamekuwa meusi. Dawa yake ni kumwaga yote na kuweka mapya. Mapya hayapo. Wenye maduka ya vipuri walipanda meli zamani na funguo wakaondoka nazo.

Gari ni kamyoneti ya hospitali. Mimi ni dereva wake, na tangu fundi alipokimbilia kwao mimi ni fundi wake pia.

Lazima pedali hii ipone. Yuliana, binti yetu, yuko Nyunzu kwa mume wake. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa kisu hapa Kalemie, na daktari alisema bila kuzunguka: wa pili azaliwe mezani pangu, asizaliwe pengine, la sivyo mama atapasuka. Sasa wa pili yuko njiani. Treni ingemleta bila matata, lakini daraja la reli limevunjwa na treni imelala. Imebaki barabara. Na barabarani kuna barieri, vizuizi vya mti na watu wenye bunduki.

Wiki iliyopita lori la samaki lilisimama kwenye barieri ya askari, mwisho wa mji. Kabla mti haujainuliwa, lori likaruka mbele kidogo. Askari wakapiga risasi. Dereva amelazwa kwetu, paja limetobolewa. Ni mimi niliyembeba. Njia nzima alisema neno moja: "Nilikuwa nimekanyaga, Papa. Gari njo ilitembea yenyewe." Namwamini. Ndiyo maana naogopa.

Mchana nimeshuka bandarini. Boti ya Rajabu ilikuwa inaondoka kwenda Kigoma. Nimesimama ukingoni mwa gati nikampigia kelele, injini inanguruma, kreni inapiga makelele yake: mafuta ya freni, chupa moja, usisahau. Akainua mkono. Rajabu ni mtu wa Ujiji na neno lake ni neno. Kiswahili chake tu ndicho kinanichekesha. Ambreyaji anaita klachi. Nikimwambia motere, maana yangu injini, ananitazama kana kwamba nimemtukana.

Jumatano, 10 Oktoba

Chupa imefika. Rajabu mwenyewe sikumkuta. Alimwachia mlinzi wa gati na kuendelea Moba na mzigo wake wa chumvi. Asante yake nitampa akirudi.

Chupa ya bia, kizibo cha gunzi la hindi. Ndani mafuta safi, rangi ya chai kavu. Nimefurahi mpaka nikaimba njiani, na mimi si mtu wa kuimba.

Harufu yake si ile ninayoijua. Yale ya zamani yalikuwa yanauma pua. Haya hayaumi. Lakini Waingereza wana yao na Wabelgiji wana yao. Hata sigara zao hazifanani.

Mama Yuliana akachovya kidole, akasugua. "Papa Yuliana, hii inateleza sana. Iko sawa na ya kupakala kichwa." Nikamwambia gari halisukwi nywele. Akapangusa kidole kwenye kitenge.

Alhamisi, 11 Oktoba

Kazi imefanyika leo. Kazi hii inataka watu wawili, mmoja chini ya gari kwenye skrubu ya kutolea hewa, mwingine juu kwenye pedali. Sina msaidizi. Nimemchukua mke wangu. Alipanda bila viatu, akavuta kitenge magotini, akakaa kwenye kiti changu kana kwamba kimekuwa chake siku zote.

Kanyaga. Shika. Achilia. Kanyaga. Shika. Achilia. Nilipiga kelele kuliko ilivyohitajika. Naye alinijibu kwa mguu tu. Mafuta meusi yalitoka, yakafuata ya rangi rangi, mwisho yakaja mapya matupu bila povu. Nikafunga skrubu.

Halafu nikapanda mwenyewe kujaribu.

Sijui niandike vipi. Mwanzo inalegea kidogo, kiasi cha kidole, kama inavyotakiwa. Kisha inakutana na nguvu. Nguvu hiyo ni ileile kutoka juu mpaka chini, haina shimo katikati. Unaachilia, inaufuata unyayo bila kuuacha. Gari linashika palepale, kila mara palepale. Nimezunguka ua wa hospitali mpaka masista wakatoka kutazama. Nimesimama, nimeondoka, nimesimama. Kwa nini mtu mzima afurahie pedali? Sijui. Nimefurahi.

Nilitaka kubadilisha na mafuta ya freni zenyewe. Yaliyobaki chupani hayatoshi. Nimeudhika. Freni zitabaki na mafuta yake ya zamani.

Jumamosi, 13 Oktoba

Mtu amefika kutoka Nyunzu. Amefuata reli kwa miguu, amelala kwenye vituo vitupu. Ameleta maneno ya Petro, mkwe wetu: Yuliana amevimba miguu, tumbo limeshuka, msichelewe.

Daktari amenipatia lesepase ya askari, karatasi ya kupitia barieri. Imeandikwa Albertville, jina ambalo Wabelgiji waliupa mji wetu, na muhuri umepigwa juu chini. Tunaondoka Jumanne alfajiri. Mama Yuliana anakuja pia. Nilisema hapana. Anakuja.

Pedali nzuri. Labda nzito kidogo kuliko juzi. Viatu vyangu vimelowa, labda ni hivyo.

Jumapili, 14 Oktoba

Si viatu.

Baada ya misa nimewarudisha masista kwao. Kwenye njia panda nikaachilia pedali na pedali haikuja. Mguu wangu ulikuwa juu, pedali bado chini. Gari limesimama, motere inanguruma, masista wanangoja. Kisha pedali ikapanda taratibu peke yake na gari likaruka. Sista mkubwa aligonga paji la uso. Aliniombea mbele yangu, kwa sauti.

Nyumbani nimelaumu springi. Nimeitoa, nimeisafisha, nimeipaka grisi. Hakuna mabadiliko. Mama Yuliana alikuja na mtama wake wa kupepeta, akakaa karibu.

"Ile siku nilikanyaga, mwisho-mwisho ilikuwa inarudi pole," alisema.

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Niseme kwa nani? Ulikuwa unapiga makelele."

Nimemwambia mguu wangu umekanyaga pedali kabla yeye hajajua gari ni nini. Ni kweli. Haikusaidia kitu. Nina hasira naye kwa sababu nina hasira na gari, na gari halinisikii.

Jumatatu, 15 Oktoba

Nimefungua tena skrubu nikitafuta hewa. Hewa hamna. Ningeipata ningejua la kufanya. Mafuta yamejaa, hayavuji, bomba ni zima. Kila kitu ni kizima na pedali ni mgonjwa.

Leo ugonjwa umeongezeka. Kupanda kilima cha hospitali motere ililia, gari likabaki nyuma. Ambreyaji inateleza, haishiki mpaka mwisho. Kitu huko ndani kinaizuia isirudi. Nimeingiza kidole cha mguu chini ya pedali, nikainyanyua, ikashika. Lakini huwezi kuendesha mpaka Nyunzu ukinyanyua pedali kwa kidole cha mguu.

Nilikwenda kwa yule dereva wa lori kitandani. Sijui nilitaka nini kwake. Nilimwuliza kabla ya kuruka, pedali yake ilikuwaje. Alifikiri sana. "Ilikuwa inachelewa," alisema. Nikatoka nje.

Nimemwomba daktari gari lingine. Gari lingine halipo. Baiskeli zipo. Aliniuliza kama hili litafika. Nikasema litafika. Nilisema haraka mno.

Jioni Mama Yuliana akaja na upande wa kitenge kilichochakaa, ameusokota ukawa kamba. Akasema tuufunge kwenye pedali. Mimi nikanyage, yeye akae pembeni yangu avute ije juu. Nikamwambia hilo si gari, ni mbuzi. Mimi ni dereva tangu kijana, sitaingia barieri nimefungwa kamba na mke wangu.

Amekunja kitenge chake, amekitia kwenye kikapu cha safari. Nimemwona.

Jumanne, 16 Oktoba. Nyunzu

Tuko hai. Naandika hilo kwanza.

Barieri ya askari, mwisho wa mji, jua linatoka. Sheria yao ni moja: unasimama kwenye pipa, unangoja, wakikuita unasogea polepole mpaka kwenye mti. Nikasimama vizuri. Askari akaniita kwa mkono. Nikaweka vitesi ya kwanza, gia ya kuondokea, nikaachilia pedali. Pedali ikabaki chini. Gari halikwenda. Askari akaona nasita, akabadili mawazo, akainua mkono: simama hapo. Na hapo hapo pedali ikapanda.

Tuliruka. Nilikanyaga freni kwa nguvu zangu zote na zikakamata. Mti ulikuwa umefika mbele ya pua ya gari kabisa. Nikasikia bunduki zinafunguliwa, zaidi ya moja. Mdomo wa moja ulikuwa kwenye kioo, mbele ya uso wa mke wangu. Si wangu. Wake.

"Weye unataka kufa leo?"

Mama Yuliana ndiye aliyesema, mikono juu, bila kutetemeka: "Chef, tunaenda kuchukua mutoto yetu Nyunzu. Iko na tumbo. Hii gari iko mugonjwa, na huyu muzee anakatala kusikia."

Walitushusha, wakatukalisha kwenye matope. Walipekua kikapu. Walisoma lesepase wakiwa wameishika juu chini, na muhuri tu ndio uliokuwa sawasawa. Mkubwa wao alikuwa kijana mwembamba mwenye macho ya usingizi. Mwisho akaturudishia karatasi. Alisema: mkirudi, na gari likaruka tena, hatutauliza. Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililonitisha.

Baada ya kona ya kwanza nimesimamisha gari chini ya miti. Mke wangu alifungua kikapu, akatoa kamba yake ya kitenge, akanipa niifunge mwenyewe. Nimeifunga. Fundo zuri.

Kwa hiyo tumefika hivi: kukanyaga ni kwangu, kuachilia ni kwake. Mwanzo tuligombana. Nikisema "achilia" anaachilia kamba, badala ya kuvuta. Basi tukaacha maneno. Nikigusa goti lake, anavuta. Nikigusa kwa upole anavuta kwa upole. Barieri ya pili, ya vijana wenye mikuki na bunduki moja ya zamani, tulisimama na kuondoka bila gari kutikisika. Nilijisikia vibaya jinsi lilivyokwenda vizuri.

Yuliana amevimba mpaka uso. Alipotuona alicheka, kisha akalia. Mama yake amemshika miguu mpaka sasa.

Jumatano, 17 Oktoba. Nyunzu

Mvua kutwa. Barabara haipitiki. Tunangoja.

Pedali ngumu kama jiwe, na hairudi kabisa bila kamba. Chini ya silinda ya ambreyaji kumeanza kulowa. Nimefuta, pamelowa tena.

Petro ameniuliza kama ni salama. Nimemwambia awashe moto, kuna baridi.

Alhamisi, 18 Oktoba. Benchi la hospitali, Kalemie

Yuliana yuko ndani. Mlango umefungwa. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Tuliondoka mvua ilipokatika. Yuliana nyuma kwenye godoro, Petro amemshika. Mimi usukani, Mama Yuliana kamba. Mtoto wao mkubwa ameachwa kwa jirani. Matope, kila mara kubadili vitesi, kila mara goti na kamba. Kabla ya barieri ya vijana nilimwona anavuta kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umechanika kati ya vidole. Alikuwa ameuficha kwenye kitenge.

Kijana mmoja pale aliona kamba, akauliza ni ya nini. "Ni ya kufunga bwana yangu, asikimbie," alimwambia. Wakacheka wote, wakainua mti. Mimi sikucheka. Nyuma Yuliana alikuwa ameanza uchungu. Alikuwa anauma shuka ili wasimsikie.

Maumivu yalikuja karibu karibu. Petro alianza kusali kwa sauti, nikamwambia asali kimya, nasikiliza gari. Nilikuwa nasikiliza kweli. Na nikasikia: mlio mdogo, kama mtu anavuta kamasi. Nikakanyaga na pedali ikaenda sakafuni, nyepesi kabisa. Mama Yuliana akavuta, ikaja juu. Nikakanyaga, ikaenda chini. Hamna kitu ndani yake. Mafuta yote yalikuwa yamemwagika barabarani.

Gari likiwa linatembea si neno, vitesi zinaingia kwa kusikiliza motere. Shida ni kusimama na kuondoka. Ukisimama, ukiwasha likiwa kwenye vitesi, litaruka. Lazima liruke. Na mbele yetu ilikuwa imebaki barieri moja, ileile ya askari. Yule mwembamba aliyesema hatauliza.

Nilifikiri nipite bila kusimama. Naandika kwa sababu ni kweli. Nilipima mti kwa macho, nikapima bunduki, nikamsikia Yuliana. Mke wangu aliniangalia. Alijua. Akatikisa kichwa.

Nikatoa vitesi, nikaliacha liteleze, nikasimama mbali na pipa, mbali sana. Nikazima motere. Nikashuka, mikono juu, nikatembea mbele peke yangu. Waliniambia simama. Nikasimama. Nikasema kwa nguvu, maana walikuwa mbali:

"Chef, ni mie wa juzi. Leo ambreyaji imekufa kabisa. Nikiwasha, gari itaruka. Nimekuja kusema mbele, musipige. Mutoto yangu anazala mule ndani."

Bunduki zilinitazama. Jasho liliingia machoni na sikuthubutu kulifuta.

Hapo Yuliana akaliacha shuka. Kilio kile sijakisikia kwake hata alipokuwa mdogo.

Yule mwembamba alipita pembeni yangu bila kuniangalia, akaenda mpaka nyuma ya gari, akachungulia. Alirudi anatembea haraka. Aliwaambia watu wake kitu kwa Lingala. Mti ukainuliwa. Kisha askari wote wakaja, wakatupa bunduki migongoni, wakaegemea gari letu.

Nikawasha bila vitesi. Walisukuma. Mama Yuliana alitaka kushuka kusukuma nao, wakamkataza. Gari likaanza kutembea, nikasubiri, nikasikiliza motere, nikasukuma vitesi ya pili. Ililia vibaya. Ikaingia. Kwenye kioo nilimwona yule mwembamba ameanguka kwenye matope, kofia imetoka, ananipungia mkono: nenda, nenda.

Mjini sikusimama popote. Vitesi ya pili, mkono kwenye honi, Mama Yuliana nusu mwili nje ya dirisha anawafukuza watu na kuku. Wafanyakazi wa reli walidhani tunakimbizwa, wakakimbia pia. Kwenye ngazi za hospitali nikakanyaga freni na kuzima. Gari likaruka mara moja, likafa.

Wamemchukua. Mlango umefungwa. Mama Yuliana amelala kwenye bega langu, mkono uko wazi mapajani. Kamba imekata mistari miwili kiganjani, imeingia ndani. Naitazama.

Mlango bado.

Ijumaa, 19 Oktoba

Wazima wote wawili. Mwana wa kiume. Ana sauti.

Daktari anasema tungechelewa kidogo tu. Sikumwacha amalize.

Jumanne, 23 Oktoba

Leo nimemfahamu adui wangu. Nataka kucheka na siwezi.

Rajabu amerudi kutoka Moba. Nilikuwa gatini napokea sanduku za dawa. Akaniona, akaruka kutoka kwenye boti na uso wote meno.

"Baba Yuliana! Vipi, treni yenu imeanza kutembea?"

Nikamwuliza treni gani.

"Si uliniagiza mafuta ya treni? Nilihangaika nayo, wallahi. Shemeji yangu yuko stesheni Kigoma, ndiye aliyenitolea. Mafuta ya mashine, safi kabisa."

Nilikaa juu ya sanduku la dawa.

Freni. Nilisema freni. Kwao ni breki. Hajawahi kusikia freni maisha yake yote. Injini inanguruma, kreni inalia, na anajua mji wetu umekosa treni. Akasikia alichokijua.

Nikamwuliza: Rajabu, chupa moja ya bia, kwa treni nzima?

Akafikiri. "Nilidhani ni ya kuanzia," alisema.

Nimerudi nyumbani, nimechukua yaliyobaki kwenye chupa, nimedondosha kwenye kikombe cha maji. Yameelea juu, duara safi. Mafuta ya freni ya kweli yanazama na kuchanganyika na maji. Jambo hili nalijua tangu nikiwa kijana wa garaji. Siku ile ningeweza kujaribu kwa kikombe cha maji. Niliona rangi nzuri, nikaimba.

Nimefungua silinda. Vile vikombe vidogo vya mpira vya ndani vimevimba, laini, vimejaa pale pasipo nafasi. Ndiyo maana pedali ilikuwa inakwenda na kushindwa kurudi. Mpira huu haupatani na mafuta ya mashine. Unayanywa na kunenepa, mwishoni unaoza. Kama chupa ingetosha, ningeyatia na kwenye freni. Nimekaa chini nikafikiria freni, na ule mti, na mdomo wa bunduki kwenye kioo. Niliendelea kukaa.

Nimemwambia Mama Yuliana. Nilimwambia yote, na harufu, na kikombe cha maji. Alisikiliza mpaka mwisho huku anamfunga mtoto. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa, mkono wenye bendeji juu kama wa askari wa njia panda. "Treni," alisema. "Treni, Papa Yuliana."

Tangu mchana anamwita mtoto hivyo. Nimemkataza. Ana jina la ubatizo.

Jumapili, 28 Oktoba

Rajabu ameleta kopo jipya. Safari hii nilimwambia neno lake mwenyewe, breki, nikamfanya alirudie gatini mbele ya watu. Haya yanauma pua. Nimeyajaribu kwenye maji. Yamezama.

Vikombe vya mpira nimevitoa kwenye gari bovu nyuma ya karakana. Silinda na bomba nimeziosha kwa spiriti ya hospitali. Zimekauka juani.

Mchana, kumetulia. Yuliana amekaa mlangoni, uvimbe umeisha, anamnyonyesha Treni. Naandika hivyo, wala sifuti.

Mama Yuliana akapanda tena kwenye kiti, miguu mitupu. Mkono wake haujapona lakini kazi hii ni ya mguu. Mimi chini. Kanyaga. Shika. Achilia. Leo sikupiga kelele. Mafuta yalikuja safi. Nikafunga skrubu.

Sikuamka kwenda kujaribu mwenyewe. Nilibaki nimelala chali chini ya gari, nikamwuliza kutoka huko: inasema nini?

Akakanyaga tena polepole mpaka mwisho. Akaachilia. Akangoja. Akarudia.

"Inarudi," alisema.

Nikafunika kopo.